Anayelia ni Nani, na Anamlilia Nani?

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili wa shule za sekondari, Mbarara

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliojitokeza, na ninyi vijana wa Bushenyi, Ntungamo na Isingiro, pamoja na ninyi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mlioamshwa usiku ili muwahi basi: hamjambo. Mratibu amenipa muda mfupi, na jicho analonitupia linasema muda huo hauna nyongeza. Salamu nyingine tutapeana wakati wa chai.

Nimesoma mashairi mliyoyatuma. Mengi ni ya kufiwa, na yanayobaki karibu yote ni ya kutengana: baba kahamia Kampala na hapigi simu, dada kaenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, huko Dubai, kijiji kimeachwa ng'ambo ya mpaka. Hilo halikunishangaza. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na ni nadra kupata mtaa usio na binti aliyeko Uarabuni akiosha vyombo vya watu.

Kilichonishangaza ni kwamba mashairi yote hayo, ya watunzi mbalimbali na misiba mbalimbali, yanasemwa na mtu yule yule. Hana umri, hana kazi, haijulikani ameketi wapi. Ubeti wa kwanza machozi yanamtiririka. Wa pili yanaendelea. Wa tatu anamwuliza Mungu kwa nini, na wa nne anasema kwaheri. Amefiwa na bibi yake Kabale, amempoteza rafiki hapa Mbarara, amekimbia vita Kivu, na kila alikokwenda amelia kilio kile kile. Ndiye ninayetaka kumzungumzia asubuhi hii. Darasani tunamwita nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi.

Tatizo, walimu wenzangu, tunalianzisha wenyewe. Mtihani unauliza, "Nafsineni katika shairi hili ni nani?" Mwanafunzi anaandika, "Ni mtu mwenye huzuni," anapewa alama, tunasonga mbele kwenye vina na mizani. Mizani tunaihesabu kwa vidole mpaka kengele inalia. Nafsineni anapata dakika mbili. Matokeo yake mtoto anaingia kwenye kutunga akiamini kwamba nafsineni ni yeye mwenyewe akiwa na uso wa msibani.

Hata shairi ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni kwa Kiingereza, lile la Henry Barlow kuhusu kujenga taifa, lingetosha kutufundisha. Anayesema mle ni dereva. Kampeleka Katibu Mkuu kwenye shughuli ya serikali, yaani kwenye mlo mnono, na yeye amekaa nje na tumbo lake tupu. Barlow hakuwa dereva. Alikuwa mtumishi wa serikali. Angesema kwa sauti yake angetupa hotuba kuhusu ubadhirifu, na hotuba za namna hiyo tunazo za kutosha. Alimpa dereva usukani wa shairi, na mpaka leo tunacheka na kuumia kwa pamoja.

Shairi la Barlow ni la dhihaka. Kwenye huzuni jambo hili ni gumu zaidi, kwa sababu mtu aliyefiwa kweli huona kwamba kumtafuta msemaji mwingine ni kama kukwepa. Anasema: mama ni wangu, kifo ni chetu, kwa nini asiseme mimi? Aseme. Ila hata ukisema wewe, utalazimika kuchagua ni wewe yupi. Msiba wa kwetu mnaujua. Watu wakishafika, mmoja anashika kuni, mwingine anakwenda kutafuta turubai, yupo wa kupokea mabugo, ile michango ya rambirambi, na kuandika majina daftarini, na yupo wa kukaa na mjane ili asibaki peke yake. Wote wana huzuni, na kila mmoja ana shughuli. Asiye na shughuli, aliyesimama katikati ya uwanja akilia kwa sauti ya juu kuliko mjane, tunamtazama kwa wasiwasi. Mashairi mengi niliyosoma yamejaa mtu huyo. Ninachowaomba leo ni kimoja: mpeni nafsineni wenu shughuli.

Tuanze na mzee wetu mkubwa kuliko wote katika kazi hii, Fumo Liyongo. Mapokeo yanasema alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini, mbabe na malenga, na mtawala wa Pate alimwogopa akamtia gerezani. Alipojua atauawa, alitunga ujumbe kwa mama yake na kumpa kijakazi Saada aupeleke. Ujumbe ulisema, kwa ufupi, kwamba mama afanye mkate na katikati yake aweke tupa. Mama akatengeneza mikate mizuri, akatengeneza na mmoja wa wishwa, tupa akaificha kwenye ule wa wishwa. Walinzi wakala mizuri, wakampelekea mfungwa wa wishwa kwa dharau. Usiku wa ngoma ya gungu, watu wakiimba na kupiga matuazi nje, yeye ndani alikuwa anakata minyororo.

Hebu tulitazame shairi hilo kama wanafunzi wa nafsineni. Anayesema ni mfungwa aliyetenganishwa na mama yake, na kifo kiko mlangoni. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutiririsha machozi beti kumi, ni huyu. Hakufanya hivyo. Anamwambia mtu mmoja (Saada), akikusudia mwingine (mama), na wa tatu (walinzi) ni maadui. Sauti moja, masikio ya namna tatu. Uchungu wa umbali hatuambiwi. Tunauona katika ukweli kwamba mwana hawezi kumwambia mama yake jambo mpaka alipitishe kwa mwingine.

Lakini tukio linalonikosesha usingizi ni la mwisho wa maisha yake. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alilisimulia katika utendi alioandika mwaka 1913. Liyongo hawezi kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyerubuniwa. Liyongo anaamka na jeraha, anachukua upinde na mishale, anatoka mpaka karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde, na anakata roho akiwa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai na ana hasira. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji unakaa na kiu. Ndipo wanapomwendea mama yake, wakamsihi aje amtulize mwanawe.

Mama anakuja. Anasimama mbali kidogo, anamwimbia, anambembeleza ashushe hasira. Mwana hamjibu. Mama anarudi tena siku nyingine. Tena na tena, mpaka mwili unapoanguka wenyewe ndipo wanapojua alikuwa maiti.

Sijui kama mnaona kilichofanyika hapo. Huu ni wimbo wa mama kwa mtoto wake aliyekufa, na anayeimba hajui kwamba amefiwa. Hana neno hata moja la maombolezo kinywani. Anafanya kazi aliyotumwa: kumtuliza kijana mwenye hasira ili watu wanywe maji. Sisi tunaosikiliza tunajua, yeye hajui, na pengo hilo kati ya tunachojua na anachojua ndilo linalotutoa machozi sisi badala yake. Nafsineni asiyejua amepoteza nini ana nguvu kuliko nafsineni anayejua kila kitu na kutueleza. Hakuna kanuni ya arudhi inayokufundisha hilo. Ni uamuzi wa mahali pa kumsimamisha msemaji, na saa ya kumsimamisha.

Kwa hiyo swali la pili baada ya "nani anasema" ni "anasema wakati gani". Kabla ya habari kufika? Siku ya mazishi? Miaka ishirini baadaye, akiwa amesahau sura na kukumbuka kikohozi tu? Mashairi yenu yote yanasemwa siku ya mazishi. Siku hiyo ina watu wengi mno, iachieni wengine.

Mwana Kupona binti Mshamu alichagua saa nyingine kabisa. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, ugonjwa ambao haukumwacha, na aliacha utendi kwa binti yake. Mwanzoni kabisa anasema:

Ndoo mbee ujilisi,
na wino na qaratasi,
moyoni nina hadithi,
nimependa kukwambia.

Njoo mbele ukae, leta wino na karatasi. Umbali hapo ni hatua chache, kitandani hadi mkekani. Anayeondoka ndiye anayesema, na jambo la kwanza analofanya ni kumpa kazi anayebaki: andika. Tunaufundisha utendi huu kama orodha ya wajibu wa mke, na mabishano yanakuwa juu ya kama mama yule alikosea au alipatia kuhusu waume. Mabishano ni halali. Ila msomeni mara moja kama mtu anayejua kwamba binti huyu atabaki bila mama, na hana njia ya kumlinda ila maneno. Maagizo madogo madogo, ya usafi, ya salamu, ya heshima, yanabadilika sura. Mzazi anayekufa hana muda wa kueleza huzuni yake. Ana mambo ya kuagiza.

Kinyume chake ni mume anayebaki. Shaaban Robert, baada ya kufiwa na mkewe Amina, alianza hivi: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Anamkabili marehemu, anamwita kwa jina, anazungumza naye kama mtu aliyetangulia safari ambayo wote wawili walikuwa wanaijua. Kituo chake, mstari unaorudi mwishoni mwa kila ubeti, ni "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua". Huyo ni mtu anayeshika mkataba uliobakiwa na upande mmoja. Ubeti wa pili una maneno "Nilitaka unyanyuke", na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye shairi lote. Nilitaka unyanyuke. Ni maneno ya mtu aliyekaa kando ya kitanda, si ya malenga aliyekaa mezani. Hajasema kwamba moyo wake umevunjika. Ametaja alichokuwa anakitaka, kitu kidogo hicho, mgonjwa anyanyuke, na hakikuwa.

Na kuna anayejikabili mwenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anaomboleza mji mzima, Pate iliyokuwa na fahari ikabaki magofu. Anayemwambia ni moyo wake: "Moyo wangu nini huitabiri," yaani mbona huzingatii. Anaukemea, anaushika mkono kama mtoto mkaidi na kuupitisha kwenye majumba yaliyobaki tupu, makinda ya popo yakining'inia juu, madaka ya kuwekea sahani yamekuwa viota vya ndege. Angetuambia sisi, tungechoka na mahubiri. Kwa kuwa anauambia moyo wake, tunasikiliza kama watu waliopita dirishani wakasikia mtu anagombana peke yake ndani. Nani asiyesimama kusikiliza?

Sasa turudi nyumbani Uganda, maana naona wengine mnasema hayo yote ni ya pwani.

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931. Shairi lake refu, Song of Lawino, lilitoka 1966, na Waswahili walilipata kama Wimbo wa Lawino. Wengi wenu mnajua kisa: Ocol amesoma, amemchoka mkewe Lawino, amechukua Clementine anayepaka poda. Nataka tutazame jambo moja tu. Okot alisoma Bristol, akasoma Aberystwyth, akasoma Oxford. Kwa elimu, mtunzi ni Ocol. Ukimpanga kwa vyeti, anakaa kiti kimoja na mume, si na mke. Lakini sauti alimpa mwanamke asiyekwenda shule, asiyejua kusoma saa ukutani, anayejua kila kitu kingine. Ocol alijibu baadaye katika kitabu chake mwenyewe, mwaka 1970, na hakuna anayemkumbuka kwa mapenzi.

Mnasema: hiyo ni ya ndoa na ukoloni, inahusiana nini na kufiwa? Fungueni sehemu ile ya nyumba iliyojaa vitabu. Lawino anawaita watu wa ukoo waje walie pamoja. Waje waomboleze kifo cha mume wake, mwana wa ukoo mkubwa. Mume yupo! Yuko chumba cha pili, pengine anasoma gazeti. Mke anamfanyia msiba mtu anayepumua, na anawaomba ndugu wahudhurie. Huu ndio umbali mkali kuliko wote niliowahi kuusoma, na hakuna aliyepanda basi. Naomba tuupime kwa nafsineni: kama mtunzi angesimama kando akatuambia "Ocol amepotea kwao", tungeitikia kwa kichwa. Lawino, kwa kuitisha matanga, analigeuza jambo kuwa aibu ya hadharani. Baadaye hakai kwenye kilio. Anatoa dawa: mume asafishwe koo, masikio yazibuliwe, aombe radhi kwa wazee waliotangulia, kisha ampe mke nafasi acheze mbele yake. Kaitisha matanga, kaagiza tiba, na bado anamtaka.

Okot huyo huyo alikusanya nyimbo za Waacholi katika The Horn of My Love, iliyotoka 1974, na humo mna nyimbo za misiba. Katika mmojawapo anayeimba anasema kwamba laiti angefika nyumbani kwa mama yake Kifo, angetengeneza mwenge mrefu wa nyasi na kuteketeza kila kitu. Mfiwa anayetaka kwenda kuchoma nyumba! Na Kifo amepewa mama, amepewa boma, kwa hiyo anaweza kufuatwa kwake na kuumizwa kama alivyoumiza. Mtu akisema Waafrika huimba misiba kwa kukubali yaliyopangwa, mpelekeni Acholi.

Kuna swali ambalo kijana mmoja aliliandika chini ya shairi lake, nami naliheshimu: je, naruhusiwa kusema kwa niaba ya aliyepatwa na jambo ambalo mimi halikunipata? Otoniya Juliane Okot Bitek, binti wa Okot, aliyezaliwa na wazazi waliokuwa uhamishoni, alikutana na swali hilo. Mwaka 2014 aliandika shairi kila siku kwa siku 100 kuhusu mauaji ya Rwanda ya 1994, na kitabu chake, 100 Days, kikatoka 2016. Yeye si Mnyarwanda. Alichofanya ni kuacha sauti nyingi zisizo na majina ziseme, bila kudai kwamba yeye ni mmoja wao. Sauti hizo zinauliza zaidi ya zinavyoeleza. Nadhani hapo pana njia. Ukiazima sauti ya mwenye jeraha, mwachie maswali, usimtie mdomoni majibu yako. Na kama unaona huwezi, chukua nafsineni wa jirani: aliyekuja kuhani akakosa la kusema. Huyo pia yumo msibani, na hakuna atakayekuuliza cheti.

Hapa niseme neno na vijana wa Nakivale. Baadhi ya walimu wamewasahihishia Kiswahili chenu cha Bukavu na Goma mpaka mashairi yenu yakawa yanasemwa na mtu wa Unguja. Insha ya mtihani ina sheria zake, sibishi. Katika shairi, nafsineni aliyevuka mpaka Bunagana na godoro kichwani aseme kama watu wa huko wanavyosema. Mkimnyoosha sana tutajua mnadanganya. Mohammed Ghassani, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, aliuita mkusanyiko wake N'na Kwetu. Angeweza kuandika kichwa hicho kwa Kiswahili sanifu cha kitabuni. Nafsineni wake ni mgeni ugenini anayedai mbele ya wenyeji kwamba ana kwao, na madai hayo anayatoa kwa mdomo wa huko kwao.

Sisi Waganda, Wanyankore, Wakiga, Waacholi, Walugbara tuna shida ya upande mwingine. Kiswahili kwa wengi wetu hakikuwa lugha ya kubembelezewa. Wazee wetu wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na hilo halikukisaidia kupendwa. Katiba ilikikubali kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mtaala mpya wa 2020 ukakiweka darasani kwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili. Kwa hiyo watu huniuliza: mtu hulia kwa lugha ya mama yake, utamwambiaje aandike msiba wake kwa Kiswahili? Nami nakubali kwamba makaburini atalia kwa Runyankore. Lakini akikaa na daftari baadaye, umbali huo mdogo wa lugha unamsaidia. Unamlazimisha aulize ni nani anayesema maneno haya, kwa sababu si yeye wa jana makaburini. Mzaliwa wa Lamu anaweza kuteleza na kuandika alivyolia. Sisi hatuwezi kuteleza kirahisi.

Kabla sijafika kwenye kazi ya mchana, sikilizeni redio. Mnajua ebirango, matangazo ya vifo. Mtangazaji anasoma: familia ya fulani wa kijiji fulani inasikitika, habari ziwafikie wanawe walioko Jinja, shemeji zake wa Masindi, mjukuu aliyeko Juba, mazishi kesho saa nane. Sauti haitetemeki. Kazi yake ni kuhakikisha watu wanawahi mazishi. Lakini kaa uhesabu miji iliyotajwa, utaona ukoo umetawanyika nchi nzima na nje yake, na kwamba ili kuukutanisha imebidi mtu afe. Sijakutana na shairi la Kiswahili kutoka Uganda lenye mtangazaji huyo kama nafsineni. Yupo bure, mchukueni.

Sasa mfano. Nimeutunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu. Dada kaenda kyeyo, na nafsineni ni yule rafiki yetu wa machozi:

Dada yangu umekwenda, moyo wangu unalia,
Machozi yamenishinda, nashindwa kuyazuia,
Peke yangu ninakonda, chakula nakichukia,
Rudi dada ninapenda, kukuona tena pia.

Vina vipo, mizani imetimia. Mtahini atatoa alama. Ni ubeti mfu. Dada huyo anaweza kuwa Dubai au chumbani. Sasa tumwondoe anayelia, tumpe simu dada mwenyewe, na tumpe shughuli: kumdanganya mama asiwe na wasiwasi.

Mama huku ni salama, chumba changu kina taa,
Nakula wali na nyama, sijalala nina njaa,
Kikohozi si cha homa, ni vumbi la vitambaa,
Usikate simu mama, niambie ya mtaa.

Sijidai, si ubeti wa kuwekwa vitabuni. Lakini mmeona kwamba kila anachokikanusha tunaanza kukiamini. Hakuna aliyemwuliza kuhusu njaa. Kwa nini ameitaja? Kikohozi hatukukisikia mpaka alipokitetea. Neno "huzuni" halimo, na ukiliingiza popote ubeti utaharibika.

Kazi ya saa nane ni hii. Andikeni ubeti wa mama, akimjibu binti kwenye simu hiyo hiyo. Mama amekisikia kikohozi, na anajua si vumbi. Haruhusiwi kusema kwamba anajua, haruhusiwi kulia, na haruhusiwi kumwambia arudi, kwa sababu karo ya mdogo wake inalipwa na kazi hiyo. Anaruhusiwa kusimulia habari za mtaa tu, kama alivyoombwa. Vina mchague wenyewe. Walimu nao waandike; nimeleta karatasi za kutosha.